Mafiga Yako ya Gulwe

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini ulinilea hivyo, siwezi kuanza kusema na wewe kama nasema na shoga yangu. Nimekaa uani hapa Chamwino. Kuku wanachakura pale ulipokuwa unaanika kimea, hawapati kitu. Nililoweka mtama wiki iliyopita, nikaufunika kwa gunia kama ulivyonifundisha, ukaota uvundo badala ya mizizi. Nikaumwaga. Mkono wangu haufai tangu uondoke, na wewe usiniambie nijikaze, maana wanaoniambia hivyo ni wengi na wote wanakwenda kulala usingizi wao.

Jana nilikwenda kilabuni.

Siku hizi hawaiti kilabu. Jengo ni lile lile, la mawe, karibu na reli, na ile dohani ndefu waliyoijenga wakoloni bado imesimama. Ila wamelipaka chokaa, wameweka taa za rangi, na kibao kimeandikwa Kiingereza. Mzee Masinga ndiye aliyenisomea. Anasema ni hoteli ya chakula inayopika bia yake yenyewe humo humo. Nikamwambia kwani ninyi mlikuwa mnapika nini humo, uji? Akacheka. Unamjua Mzee Masinga, yule mteja wako wa reli, aliyekunywa kata yako tangu mimi sijazaliwa. Amechakaa. Nilimwomba anisindikize kwa sababu niliogopa kuingia peke yangu nikafukuzwa.

Wewe unajua nilichofuata. Lakini acha nikieleze, labda huko uliko mtu husahau mambo. Ulipofariki, jengo lilikuwa limeshauzwa, lina kufuli kubwa na mlinzi. Mafiga yako yalikuwa ndani. Na sisi wapishi wa pombe tuna desturi yetu: mpishi akifa, binti yake anakwenda kuyang'oa mafiga yake kwa mkono wake, anayaleta nyumbani, pombe ya mwisho inapikwa juu yake, watu wanakunywa, wanaoga, wanavua nguo nyeusi, matanga yanaanuliwa. Hivyo ndivyo ulivyomfanyia bibi. Mimi nilikuzika mikono mitupu. Mlinzi aliniambia nisubiri pafunguliwe, hakuna kitakachopotea, mawe nani ataiba.

Tumesubiri. Mama Mkubwa huko Gulwe hajavua kaniki hadi leo, na mimi vile vile. Kila nikienda kumsalimia dada yako huyo ananiuliza swali moja tu, halafu anasema, "Mtu hatulii kaburini huku mafiga yake yako kwa wengine." Nikisikia hivyo nakuona umekaa upande upande humo chini, huwezi kujinyoosha. Silali, Mama. Kweli silali.

Na yale mafiga ulivyoyapenda! Ulinisimulia mwenyewe jinsi ulivyoyapakia kwenye treni pale Gulwe ulipoolewa, yamefungwa kwenye khanga ya harusi, na konda akakuuliza kama Dodoma hakuna mawe. Ukamjibu Dodoma kuna mawe ila hayanijui. Behewa zima likacheka. Kila ulipokuwa na furaha ulikuwa unairudia hadithi hiyo, na mimi nilikuwa nakukatiza, mama hii tumeshaisikia. Leo ningeisikiliza kutwa.

Tuliingia mchana, jua kali. Ndani pana baridi kama kanisani. Sakafu ni vigae. Nilitafuta ule ukuta wenu, ule mweusi kwa moshi, mlipokuwa mnakaa mmepangana, wewe, Mama Lugano na wengine, kila mtu na moto wake na maneno yake. Nilikuwa nahesabu madirisha ili nipapate pako. Nilipopapata nikakuta kioo, na nyuma ya kioo mapipa makubwa ya chuma yanayong'aa. Hakuna moto. Hakuna moshi. Hata harufu hakuna, Mama! Pombe inapikwa na hainuki.

Nilitaka kutoka pale pale. Mzee Masinga akasema tukae kwanza, miguu inamuuma. Akaja binti wa kuhudumia, mpole, amevaa tai, akatuamkia vizuri. Mzee akasema tuletee hiyo bia yenu. Akatuletea bilauri ndefu, rangi ya asali, povu limesimama juu.

Mzee Masinga hakuigusa. Aliweka mikono yake magotini akamtazama yule binti. Binti akamtazama yeye. Akauliza kama kuna kasoro, aongeze barafu? Mzee akasema hapana, anasubiri tu. Nami nikaelewa, moyo ukanipasuka. Alikuwa anasubiri mpishi aonje. Maisha yake yote ndani ya jengo lile hakuwahi kupeleka kata mdomoni kabla wewe hujainua yako mbele ya watu, ukanywa, ukafuta mdomo, ukasema, "Haina neno. Kunyweni." Kwetu sisi pombe isiyoonjwa na aliyeipika haipokelewi, hata iwe ya ndugu.

Akamwambia yule binti, kwa adabu kabisa, "Aje mpishi aonje."

Masikini, binti alihangaika. Akasema mpishi ni mtaalamu, ametoka nje ya nchi, leo hayupo, na bia inapimwa na mashine. Mzee akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alikaa tu na bilauri yake mbele, povu linashuka, na watu wa meza nyingine wameanza kugeuka kututazama. Ndipo nikaivuta ile bilauri nikaionja mimi. Pombe ambayo sikuipika, Mama. Sijui mtama wake ulilowekwa wapi, sijui hata kama ni mtama. Chungu, baridi, inachoma pua. Nikafuta mdomo, nikasema haina neno. Nilisema uongo mahali pako pale pale ulipokuwa unasema kweli. Mzee akanywa. Alikunywa taratibu huku machozi yanamtoka, akasingizia povu.

Kabla hatujaondoka nikamwinamia binti nikamuuliza yale mawe ya zamani, ya wapishi, yalitupwa wapi walipokuwa wanajenga. Nilijua atasema jalalani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda jalalani.

Akasema, "Si yale ya mlangoni?"

Tuliyapita wakati wa kuingia. Sikuyajua! Mimi niliyeyapangusa majivu tangu nikiwa mdogo. Wameyaweka kando ya mlango mkubwa juu ya kijukwaa, wamebandika juu yake chungu kikubwa, na ndani ya chungu maua ya plastiki. Nilichuchumaa nikayashika. Lile jekundu lenye ufa lipo. Lile ulilokuwa unanolea kisu, na mimi naogopa utajikata, lipo. Nikalisukuma. Halikutikisika. Yote yameshikwa na saruji hadi kwenye sakafu.

Akaitwa mwenye hoteli. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua. Aliniamkia, akaniletea kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, mafiga, kaburi, Mama Mkubwa. Nilipiga magoti, Mama, wewe uliyenikataza kumpigia magoti mtu asiyekuwa mzazi wangu. Nilimwambia nitaleta fundi, nitatengeneza pale patakapovunjika. Akasema pole sana. Akasema saruji ile imeshikana na ngazi, ukivunja moja umevunja zote, na wageni wanayapenda, ndicho kitu cha kwanza wanachokipiga picha, kwa sababu yanaonyesha historia ya jengo. Akasema, "Mama yako ni sehemu ya historia hii." Nikamuuliza, anaitwa nani? Akainama. Nikamtajia jina lako. Akasema ni jina zuri.

Halafu akanitazama, akaitazama kaniki yangu, akasema ana wazo.

Anataka mtu wa kukaa pale kwenye mafiga mwisho wa wiki, wageni wanapokuwa wengi. Mwanamke wa hapa hapa, anayejua. Akae tu na mwiko, akoroge. Nikauliza nikoroge nini? Akasema chungu kitakuwa kitupu, ni kuonyesha tu, maua yatatolewa. Moto hauruhusiwi kwa sababu ya usalama. Akasema, "Njoo hivyo hivyo na kaniki yako, inapendeza."

Mzee Masinga alinishika mkono akanivuta. Mwanangu twende zetu, anasema, twende, huyu hajui anachosema. Ni kweli hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba hii si nguo ya ngoma, kwamba nimeivaa kwa ajili yako na sijapata ruhusa ya kuivua.

Nilikubali, Mama.

Usinigombeze. Mzee ameshanigombeza njia nzima, mpaka tulipofika Majengo akashika njia yake. Lakini ningefanya nini? Kuyang'oa siwezi. Kuyaacha siwezi. Nikitaka kuyashika mafiga ya mama yangu, lazima niwe mteja wa pale au mtumishi wa pale, na ile bia siwezi kuinywa tena. Nilifikiria usiku kucha mpaka jua likachomoza, sijapata njia nyingine. Kama ipo, nitokee ndotoni uniambie, maana tangu uondoke hujanitokea hata mara moja, na wenzangu wote hutokewa na mama zao.

Mama Mkubwa sijamwambia. Sijui nitaanzia wapi. Ataniuliza swali lake, nami nitamwambia mafiga yapo, hayajapotea, yako juu ya ardhi na hayanyeshewi. Nitakomea hapo. Akiuliza lini yanarudi Gulwe, nitajifanya nachochea moto.

Ulinipa jina la Sechelela, nifurahi. Ulikosea mtoto.

Jumamosi naanza. Nitakaa kwenye kigoda, kaniki hii hii, nywele hizi hizi ambazo sijazisuka, na wageni watapanda ngazi wakicheka, watainama kunitazama, watapiga picha zao. Watadhani ni maonyesho. Hakuna atakayewaambia kwamba wamepita msibani, kwamba matanga ya mpishi wa jengo hili hayajaanuliwa na binti yake ameyakalia pale mlangoni. Waende wakale. Mimi nitakuwa nakulilia mbele ya macho yao, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayeniambia nijikaze.

Nakuahidi jambo moja, kubwa zaidi sina. Kila siku nitakayokaa pale, kabla sijaanza kukoroga, nitauinua mwiko mtupu nitaupeleka mdomoni mbele za watu, nitafuta mdomo, nitasema yale maneno yako. Mzee Masinga akipita njia ile ajue kwamba pana mtu ameonja.

Jinyooshe kadiri unavyoweza, Mama. Nitafika mapema, kabla hawajafungua, niyapanguse vumbi.

Mwanao,
Sechelela