Majina Aliyonitajia Bibi

Kinondoni, Jumanne

Na ni tamaa yangu mwenyewe iliyoniponza. Baba Mkubwa hataki kuiacha DOS, programu yake ya zamani ya kuendeshea kompyuta, mie nataka Windows, nikaona kompyuta moja itatutosha: niigawe diski, kila mtu awe na upande wake.

Ratiba ya mgawo wa umeme ilisema zamu ya mtaa wetu ni kesho. Wamekata leo asubuhi, diski ikiwa katikati ya kugawanywa.

Umeme uliporudi, haikuwaka DOS wala Windows. Majina ya marehemu wetu yamepotea yote, yale aliyonitajia Bibi nikayachapa, ya kusomwa kwenye khitma. Nakala sikuweka.

"Si utayachapa tena, mwanangu?" kasema Baba Mkubwa.

Nimejaribu. Nimefika saba tu, na la saba ni la Bibi mwenyewe.