Lidude la Kaka Chumbani kwa Mama

Shoga, nimetoka kusukumana na kaka sasa hivi.

Si unamjua kaka na hamu yake ya kompyuta moja kubwa ya kufanya kazi za kompyuta kumi? Nilimwambia achukue ndogo isiyokula umeme. Akanijibu, "Ndogo haina memori, na memori ndiyo kila kitu."

Leo kaleta lidude la kompyuta kuukuu ya ofisini, linanguruma kama mashine ya kusaga. Kalichomeka chumbani kwa mama, eti ndiko kuna ubaridi. CHUMBANI KWA MAMA, soketi moja na mashine yake ya oksijeni!

Kuliwasha tu, umeme ukakatika nyumba nzima. Mama akaanza kutapatapa.

Nakimbilia swichi kuu, kaka ananidaka mkono: "Usiwashe kwanza, diski za kompyuta zitaungua!"

Usiwashe kwanza, shoga!

Nimemsukuma, nikawasha. Mama anapumua sasa, ila kageukia ukutani, hataki kumwona. Masikio hayana pazia. Alisikia.