Dakika Ambazo Akina Mama wa Gatete Hawakuonekana

Mzee Ramazani, mwalimu wangu,

Jana tulirusha sherehe ya Rumonge moja kwa moja, ya kwanza tangu tukuzike. Nimechoka hadi kope zinauma. Nakuandikia wewe kwa sababu kazini kila mtu ameshaniuliza nini kilitokea, na hakuna aliyengoja jibu.

Tulifika asubuhi ileile. Wewe ulikuwa ukitulazimisha kufika siku moja kabla, ukizunguka uwanja mzima kupima upepo wa ziwa. Mimi sikuzunguka. Dishi la kurushia matangazo nililifunga kamba mbili badala ya nne, nikakimbilia maikrofoni, maana ngoma zilikuwa zinapasua sauti.

Akina mama wa Gatete walipoingia kucheza, upepo ukaja na mvua yake. Dishi likageuka kidogo tu, upana wa kiganja. Picha ikakatika nchi nzima. Bosi akapiga simu kutoka Bujumbura: "Picha iko wapi? Iko wapi?" Mimi na dereva tukalikumbatia lile dishi, tumelowa chapachapa, tukilisogeza kama ulivyonifundisha: "Polepole, binti yangu, setilaiti haikimbii." Picha iliporudi, akina mama walikuwa wanatoka uwanjani.

Ofisini wamesema ni mvua. Mimi niliwafuata wale mama nikawaambia ni kamba zangu. Mmoja wao, Mama Eliza, akanishika mkono. "Si kitu, mutoto wangu. Ila mume wangu iko mugonjwa, haamuki kitandani. Alitaka kuniona kwa televisheni."

Kamera zilikuwa zimerekodi. Basi leo nimepanda pikipiki hadi Gatete, kompyuta mgongoni. Mumewe aliangalia, kisha akagusa kioo kwa kidole: "Huyu ni wangu." Akaomba tena. Na tena. Mama Eliza alisimama mlangoni, pembe ya kitenge mdomoni.

Nimelia njia nzima ya kurudi, Mzee. Si kwa ajili yao. Tangu mazishi sijakanyaga kwako. Mkeo hunitumia salamu, nami hushukuru tu, "murakoze", na kusingizia kazi. Naogopa kuingia sebule ile na wewe... na wewe haumo.

Jumapili nitakwenda. Nitakaa na mkeo mpaka yeye mwenyewe aniruhusu kuondoka.

Buriani, mwalimu wangu. Mungu akupe usingizi ambao kazi yetu ilikunyima.

Aline wako