Bustani ya Ukingoni

Mshauri wetu,

Naomba msaada wako kabla kichwa hakijapasuka, maana jambo hili nikiwaambia majirani watanicheka, na nikilisema nyumbani nitaitwa adui wa maendeleo. Mimi ni mke wa mkulima, tuna watoto wawili walio hai, shamba letu linateremka mpaka mtoni, na kile kipande cha chini kabisa, chenye udongo mweusi usiokauka hata kiangazi, kilikuwa changu tangu nilipoolewa, mama mkwe mwenyewe alinionyesha akasema hapa ni pako mwanangu, nami nikalima mchicha, nyanya na vitunguu, nikawa nanunua chumvi na sabuni bila kumnyooshea mtu kiganja.

Mwaka juzi akaja bwana shamba na mpango wa kulinda mto, wa hiari, kwamba mkulima aache ukanda wa ukingoni bila kuulima, uote nyasi na miti ili mbolea na dawa zisiteremke majini, na watakaoanza mapema kabla sheria haijawalazimisha watapewa miche, tangi na mabomba ya kuwapelekea ng'ombe maji kule juu zizini, na kibao cha heshima langoni, na sheria ikija hawatasumbuliwa tena. Watu wakakuna vichwa, wakasema tungoje kwanza tuone, ila mume wangu alinyoosha mkono bwana shamba hajamaliza hata kusema, mimi nimesimama pale na sinia la chai, hakunitazama wala kuniuliza, na bustani yangu ikageuka ukanda.

Sasa nyasi zimefika kiunoni, kibao kiko langoni na jina lake peke yake, wageni wanaletwa kumpa mkono na mimi ndiye ninayewapikia chai. Mshauri, sisemi mto usilindwe, najua maji machafu yanafanya nini, binti yetu wa kwanza tulimpoteza kwa kuhara akiwa ndiyo anajifunza kutembea, na siku hizo maji ya kunywa tulichota kwenye mto huo huo, na bustani ile ndiyo iliyoniinua kitandani, kwa sababu mboga hazingojei mtu amalize kulia. Mume wangu hakulia. Mtoto hajamtaja tena mpaka leo, kazi yake ni kuchemsha maji tu, mwanamume mzima anaamka alfajiri anainjika sufuria mwenyewe kana kwamba mimi mkewe sijui kuwasha moto, hadi majirani wamempa jina, Baba Sufuria, na aibu naibeba mimi.

Basi nimefanya jambo. Pale mto unapopinda, nyuma ya matete, nimefyeka nyasi nikapanda matuta machache ya nyanya, napulizia dawa yeye akiwa zizini anakamua, na bomba la dawa nalisuuza hapo hapo mtoni. Juma lijalo anakuja mkaguzi, akiyaona matuta tutaondolewa kwenye mpango na kibao kitang'olewa watu wakitazama. Nusu ya moyo wangu inataka niyang'oe, nusu inataka mkaguzi ayaone, ili na mume wangu aonje mtu anavyojisikia kunyang'anywa kitu mbele ya wageni. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Bustani Isiyokuwepo

*

Mwenye Bustani,

Bustani ilikuwepo, kwa hiyo hilo jina ulilojipa nimelikata mwisho wake. Tuanze na mume wako. Alikosea, na alikosea sana. Mtu hagawi cha mwenziwe kisha akapigiwa yeye makofi. Mpango wa hiari unataka hiari ya anayelima, na aliyekuwa akilima pale ni wewe. Bwana shamba naye alipaswa kuuliza ni nani anayeshika jembe huko chini kabla ya kunywa chai yako. Hasira yako nimeielewa na sikuombi uimeze.

Sasa geuka nikukaripie wewe. Matete yanaficha matuta, mama, hayafichi maji. Dawa unayoisuuza mtoni inateremka mpaka kwenye ndoo ya mwanamke mwingine, naye huenda ana mtoto anayejifunza kutembea. Wewe, kati ya watu wote. Ndiyo ule mkuki kwa nguruwe tunaousema kila siku.

Kuna jingine, nalo nimelisoma mpaka barua ikakunjamana. Umeniandikia kuhusu binti aliyeugua tumbo enzi mlipokunywa maji ya mto. Umenilalamikia mwanamume anayechemsha maji kila alfajiri na kuchekwa kwa ajili yake. Umenilalamikia pia mwanamume aliyenyoosha mkono wa kwanza, wenzake wakingoja waone. Mambo hayo umeyatenga kama vyombo vya nyumba tatu tofauti. Mume wako simjui na huenda nakosea, wala hakuna awezaye kuapa ugonjwa ule ulitoka wapi. Lakini mtu wa namna hiyo sidhani alikuwa anatafuta kibao. Wewe ulimlilia mtoto kwa jembe, yeye anamlilia kwa sufuria, na miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia mwenzake. Inanihuzunisha kuliko habari ya nyanya.

Fanya hivi. Kesho ng'oa matuta yale kwa mikono yako, usimngoje mkaguzi. Ukimwaibisha mume mbele ya wageni utapata mume mkaidi, na bustani hutaipata. Ukishang'oa, mshike mkono mpaka pale kwenye kona, umwonyeshe udongo uliochimbwa, umwambie mwenyewe ulichofanya na kwa nini. Asikie kwako kwanza.

Halafu udai chako, bila kupiga magoti. Zawadi ya walioanza mapema imetoka kwenye ardhi uliyoilima wewe, kwa hiyo maji yanayopanda zizini yapite na kwako. Taka kipande karibu na zizi, ambako samadi ipo tele, na fundi atoe tawi la bomba lenye koki yako. Udongo wa juu hautakuwa mweusi kama ule, na msimu wa kwanza utasonya sana. Vumilia. Bomba la dawa lisuuze huko huko shambani, mtoni lisifike tena. Na jina lako liongezwe kwenye kibao. Bwana shamba akisita, mwambie chai imekwisha.

Mkimaliza kusemezana, usikimbilie nyumbani. Hapo hapo kwenye nyasi, mtaje binti yenu kwa jina lake, baba yake akisikia. Anza wewe, maana yeye hajaweza. Kisha nyamaza, umngoje.