Hema Lisilohemesha

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya magodoro.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa kwanza.

Mpendwa mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, nami nasema marahaba, ingawa umeibana pembeni mwa karatasi kama mtu aliyeikumbuka akiwa mlangoni. Hujambo? Na huyo mke mwenzangu uliyemchumbia, hajambo? Kifua chako je, baridi ya huko bado inakibana? Sisi tu wazima. Magoti yangu yanalia kama bawaba, lakini yanakwenda. Joto ni kali, hata kuku wanatembea midomo wazi.

Barua yako alinisomea mama yako sebuleni Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Nilifurahi mpaka maharage yakaungua jikoni. Miaka sita hujakanyaga kizingiti hiki, sasa waja likizo, tena na mchumba, na unataka sisi sote tukalale siku tatu ukingoni mwa ziwa, kwenye mahema yenye vitanda, mashuka meupe na bafu. Enzi zetu aliyelala hemani ni askari, au mtu aliyeunguliwa na nyumba. Siku hizi mtu ana nyumba yake nzima, anaifunga kwa ufunguo, anakwenda kulala chini ya kitambaa kwa raha zake. Nikasema haya, kuishi kwingi kuona mengi.

Lakini huyu binti yangu aliposoma pale chini alienda mbio, kama anayeruka dimbwi. Alipokwenda kazini nikaichukua barua nikaisoma mwenyewe, kidole chini ya neno, neno moja moja. Niliishia darasa la tatu, ila hilo la tatu nililimaliza vizuri. Nikafika pale ulipoandika, "Bibi abaki nyumbani apumzike, joto la ndani ya hema litamchosha."

Apumzike. Nani kakwambia nimechoka?

Sikiliza wewe. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye cherehani nikishona maturubai ya malori na mahema ya wajenzi wa barabara. Meno hayo unayotafunia nyama huko yameota kwa turubai. Leo unanifundisha mimi joto la hema? Hata jina lake hujalielewa. Fundi mkuu wetu alikuwa akituambia, hema limeitwa hema kwa sababu likishonwa ovyo, aliye ndani anahema. Likishonwa vizuri, umeshona kivuli.

Nilinuna siku mbili, sikufichi. Siku ya tatu nikapanda kiti, nikashusha turubai la lori la babu yako, lile la rangi ya majani makavu, lililokuwa juu ya kabati tangu atutoke. Panya wamekula kona moja tu. Nikalifua, nikalianika, nikapaka uzi nta, nikashona. Mapaa mawili, moja juu ya jingine, katikati nafasi ya kiganja ili upepo upite. Milango miwili inayotazamana, maana upepo wa ziwani una tabia za mgeni, mchana unaingia, usiku unaondoka. Ukiufungulia mlango mmoja tu, unakasirika. Kila mlango una chandarua. Vigingi sikuweka, mchanga haushiki kigingi. Nimeshona mifuko, tutaijaza mchanga huko huko na kuizika.

Mjomba wako, Mpima Ardhi, akanicheka. "Mama, vitu vya kisasa vimeshapimwa na wataalamu." Akaleta kihema chake cha nailoni, cha buluu, kinachofunguka chenyewe kama mwavuli. Nikamwambia tupime basi, si wewe ndiye mpimaji?

Juzi saa sita mchana tukayasimamisha yote mawili uani. Nikabandika mshumaa usiowashwa kwenye sahani ndani ya kile chake, na mwenzake wa pakiti hiyo hiyo ndani ya langu. Tukakaa barazani tukanywa maji ya ndimu. Saa nane tukaenda kutazama. Mshumaa wake ulikuwa umeinama mpaka utambi umegusa sahani, kama mtu anayeomba msamaha. Wangu umesimama wima.

Mjomba wako akauangalia, akauangalia tena. "Labda wako una nta nyingine, Mama."

"Basi ingia wewe badala ya mshumaa."

Akaingia, akafunga zipu. Zipu ikakwama. Tulimtoa kwa mkasi, shati linatiririka jasho.

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akalegea kidogo, akasema haya, lakini kwanza twende kwa daktari wa presha. Jana tukaenda. Daktari mwenyewe binti mdogo, viatu vyangu vimemzidi umri. Akanipima mkono huu, akanipima na ule.

"Bibi, huko ziwani unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama maji na kugombeza watu."

"Hiyo haina madhara," akasema. "Dawa usisahau, maji unywe mengi, na jua la mchana ulikimbie, ukae kivulini."

Kivuli ninacho. Nimekishona.

Sasa mama yako anasema neno la mwisho ni lako, kwa kuwa safari umeipanga wewe. Basi nakwambia wewe. Siji kukuharibia. Nyinyi laleni kwenye mashuka yenu meupe. Au unaogopa nitamsimulia mchumba wako kwamba ulikojoa kitandani mpaka darasa la nne? Sitamsimulia. Akiniuliza, hapo siwezi kudanganya, mimi ni mtu mzima.

Nina miaka sabini na minane. Wewe unakuja kila baada ya miaka sita. Piga hesabu, umesoma. Kwa hiyo usinipumzishe, kupumzika kutakuja kwenyewe, nami sitakwepa.

Unakumbuka ulivyokuwa unalala chini ya meza ya cherehani, juu ya turubai, nikiwa kazini? Ukiamka una alama za mishono shavuni, mafundi wakakuita Kiraka. Nimeacha nafasi ya mkeka mmoja kwenye mlango unaotazama maji. Mchana mmoja tu, waache wenzako waogelee, uje ulale hapo nikuone.

Usinijibu kwa barua, barua ina miguu mifupi. Mpigie mama yako, mwambie maneno mawili: "Bibi yumo."

Mama yako anakusalimu. Mjomba Mpima Ardhi naye anakusalimu, na anataka ujue kwamba zipu ile ilikuwa mbovu tangu dukani. Msalimie sana mke mwenzangu, mwambie aje na kofia pana. Mungu akufungulie njia, akushushe salama, na asikuache uhema isipokuwa kwa kicheko.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye na nikugombezaye kwa mdomo ule ule,

Mama Turubai

Kabla sijafunga bahasha: nimetafuta dawa zangu za presha asubuhi nzima. Nimezikuta kwenye begi la safari la mama yako, zimefungwa vizuri pamoja na kanga zangu mbili. Hajasema kitu, nami sijasema kitu. Umebaki wewe tu.