Nimeifunika Taa ya Gari la Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya mwisho wa mwezi, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na tisa, mke wangu ni mkunga, na nikisema tunapendana usidhani natia chumvi, maana watoto wameshaondoka nyumbani na bado tunagombania nani amtengenezee mwenzake chai. Sina shida ya ndoa. Shida niliyo nayo ni taa.

Mke wangu ana gari dogo la kwendea kazini, alilinunua likiwa limeshatumika, na kiti cha dereva kilikuwa kimechanika mpaka sponji inachungulia, kila akirudi jioni anajishika kiuno, basi nikajiambia haiwezekani mke wa fundi akalie matambara, na alipopata likizo ya wiki moja akaenda kumwona dada yake, mimi nyuma nikafungua viti vyote viwili vya mbele, nikavitoa nikaviweka barazani, nikafumua kitambaa cha zamani nikakitumia kama kipimo, nikakata ngozi bandia ya rangi ya kahawia, na nakwambia mshauri, sijawahi kushona kitu kwa moyo kama vile viti. Hata nikawacheka watu wa kiwandani. Ubavuni mwa kiti, upande wa mlango, walikuwa wameshona kwa uzi mwembamba kama wa kupindia sketi, na hapo hapo wakaweka kitambaa kidogo chenye maandishi, mimi kile kitambaa nikakikata kwa wembe kwa sababu kinaharibu sura, ndani ya kiti kuna kiboksi cha plastiki sikukigusa maana si changu, na ule mshono nikaupiga mara mbili kwa uzi wa turubai, uzi ambao hata ng'ombe wawili wakivutana haukatiki. Miaka thelathini na minne sijarudishiwa nguo iliyofumuka mshono, na sikutaka mke wangu awe wa kwanza.

Sasa kosa langu. Chini ya kila kiti kuna waya wenye plagi ya njano, nikaichomoa ili kiti kitoke, na nikiwa nashona nikataka kusikiliza mpira kwenye redio ya gari, nikazungusha ufunguo, na papo hapo kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ile yenye picha ya mtu ameketi na kitu kama mpira kifuani, taa ya mifuko ya hewa, nikadhani nikirudisha plagi itazimika, nikarudisha viti, nikarudisha plagi, taa ipo. Jirani yangu dereva wa lori akaniambia nitoe betri ipumzike siku nzima, gari litasahau. Betri ikapumzika, gari halikusahau. Mke wangu alikuwa anarudi kesho yake, basi nikakata kiraka cheusi kidogo, saizi ya kifungo cha shati, nikakigandisha kwenye kioo cha dashibodi juu ya ile taa, na ukitazama huoni kitu.

Alipoketi kwenye kile kiti aliupapasa mshono wa ubavuni kwanza. Kisha akasema, "Baba watoto, umenikalisha kama waziri." Siku hizi hawashi gari kabla hajaupapasa ule mshono. Lakini mkunga ni mtu wa kutazama, mshauri, na wiki ya pili akaniuliza, "Ile taa yenye mtu ilikuwa inawaka kidogo nikiwasha gari, halafu inazimika. Sasa haiwaki kabisa. Kuna nini?" Ulimi ukateleza, nikasema, "Nimeitengeneza." Akanishukuru. Asante ile imenikaa kooni mpaka leo, na kama haitoshi amewaonyesha wenzake kazini, na wakunga watatu wanataka viti kama vyake.

Mwisho wa mwezi atasafiri na gari hilo hilo kwenda kumleta binti yetu aliyejifungua, na mtoto huyo ni mjukuu wetu wa kwanza. Gari linakwenda vizuri, breki nzima, matairi mapya, ni taa tu. Naomba uniambie dawa ya kuizima bila yeye kujua, maana furaha aliyo nayo kwa kile kiti sitaki kuitia mchanga.

Ni mimi, Fundi wa Viti vya Kahawia

*

Fundi wa Viti vya Kahawia,

Nisamehe, nimecheka. Nilijikaza mpaka pale kwenye kifungo cha shati, nikashindwa. Kisha nikaacha kucheka, na nitakwambia kwa nini.

Mimi najua mambo ya watu, ya magari siyajui, kwa hiyo nilimpigia simu fundi umeme anayetengeneza gari langu, nikamsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye uzi wa turubai akanikatiza. "Dada, rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo mzee tatizo lake si taa."

Sasa sikiliza. Kile kiboksi ulichokiona ndani ya kiti ni mfuko wa hewa umekunjwa. Gari likigongwa ubavuni, ule mfuko unatoka kufumba na kufumbua na kukaa kati ya mbavu za mtu na mlango. Unatokea wapi? Pale pale, kwenye ule mshono uliowachekea watu wa kiwandani. Uzi wao ni mwembamba kwa makusudi, ili ukatike. Yale maandishi uliyoyakata kwa wembe yalikuwa yanaonya kwamba hapo pana mfuko, pasifunikwe. Wewe umekuja na ustadi wako wote ukaufunga mlango wake, tena mara mbili. Siku ya ajali mfuko utabaki unapigana na uzi wako, au utatokea kusikostahili, na mkeo atakuwa ameshaumia. Anakalia kuti kavu, baba, na kila asubuhi analipapasa kwa upendo.

Na hiyo unayoiita taa tu, ikibaki inawaka maana yake gari linasema halina hakika na mifuko yake, pamoja na ule wa kwenye usukani. Huenda isitoke hata mmoja. Ndiyo maana halikusahau. Umelifunga gari mdomo kwa kiraka.

Sikugombezi kwa kushona. Kwenye meza yangu kuna barua za wanawake ambao waume zao hawajui hata rangi ya viti wanavyokalia, na wangekusoma wewe kwa wivu. Nakugombeza kwa neno moja, "nimeitengeneza". Mkeo aliuliza swali la mtu mwenye akili, ukampa jibu la kumfanya aache kutazama. Halafu unanitaka mimi nikuongezee dawa ya kuficha? Wewe mume wa mkunga, ndiye wa kukumbushwa kwamba mficha uchi hazai?

Ukimaliza kusoma hapa, nenda ukabandue hicho kiraka. Gari lisitoke mpaka litengenezwe, kazini aende kwa lifti ya hao wenzake wanaovitamani viti. Jioni mwambie yote, kuanzia redio mpaka wembe, na usianze na "usikasirike". Atakasirika, mwache. Huyo anapokea watoto kila siku, hataangushwa na habari ya uzi.

Kisha mwite fundi umeme aje na kompyuta yake ya kusomea magari. Viti usivitoe tena peke yako wala usiguse plagi ya njano, kwa sababu betri inachomolewa kwanza na watu wanasubiri kabla ya kugusa chochote, na wewe hukusubiri. Bahati yako mfuko haukukufumukia usoni. Yeye atasoma kosa, atahakikisha waya ni wazima, na taa itaondoka kwa haki yake. Mshono wa ubavuni kwenye viti vyote viwili ufumuliwe, na hapo ashone mtu anayevijua viti vya namna hii, kwa uzi unaotakiwa. Mwombe uketi pembeni umtazame. Ulishajifunza kushona mara moja maishani, mara ya pili haitakuua. Wale wakunga watatu waambie wasubiri mpaka uhitimu.

Inauma, najua. Miaka yote hiyo kazi yako imekuwa kuzuia mishono isifumuke, na leo nakuambia kuna mmoja ambao uzuri wake wote ni kufumuka siku inapobidi. Fumua, mzee wangu. Kiti kitabaki cha kahawia, kitabaki laini, na atakayekikalia atakuwa salama.

Siku ya safari, kabla hajaondoka, keti naye mbele umwache azungushe ufunguo. Ile taa itawaka, mtahesabu pamoja moja, mbili, tatu, nne, na itazimika yenyewe. Kama atakuambia asante, hiyo unaweza kuimeza.