Kiti cha Gari la Kaka

Nyumba ya kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, nyingi kiasi kwamba ukizipokea kwa mkono mmoja zitakudondoka. U mzima? Kile kifua kimeacha kukubana na hiyo baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mama sasa anatembea bila fimbo, ila anaibeba ili apate cha kunitishia. Mimi unanijua: sura ileile, tumbo limepanda cheo.

Nakuandikia kwa ajili ya gari la marehemu kaka yetu. Ulisema kwenye simu lisiuzwe mpaka urudi, na shemeji amelishika neno lako. Anasema wewe na mumewe ndio mliolifufua kutoka kwenye vyuma chakavu, kwa hiyo bila ridhaa yako haliondoki. Basi nisome mpaka mwisho, hata mwandiko ukikukimbiza.

Gari ni zima. Wekundu wake ni uleule, unaweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni. Mimi niliyeendesha kila chenye magurudumu, mpaka gari la zimamoto, sijaona gari la michezo la umri ule linalonguruma vile. Kila Jumamosi shemeji huondoa turubai, hulifuta, hupima oili, kisha hulizungusha mtaani.

Ila hujamwona anavyoliendesha. Kiti kilibaki palepale alipokiacha kaka, nyuma kabisa, kwa ile miguu yake mirefu kama ngazi. Shemeji hukaa ukingoni, mto mgongoni, akiigusa klachi kwa ncha ya kiatu. Siku moja niliinama nikisogeze. Akanishika mkono, akausukuma kando.

Mwezi uliopita mguu ulimteleza kwenye mteremko, akapanda ukingo wa barabara. Hakuumia, wala gari halikuchubuka. Lakini alikuja kwangu kwa miguu, akakaa jikoni, akasema amechoka kuwa mlinzi wa gereji ya mtu asiyerudi. Akaniomba nimtafutie mnunuzi atakayelipenda. Tangazo nililiandika mwenyewe: gari limetunzwa kuliko mwandishi wa tangazo. Walipiga simu wengi. Waliotaka kulikata wapate vipuri niliwajibu kwa maneno ambayo Mama asingeyapenda.

Jana alikuja daktari wa meno, mfupi kama mimi. Alifungua boneti, akainyamazia ile injini kama mtu aliyeingia msibani. Nikampenda hapohapo. Kisha akaingia ndani, miguu ikabaki mbali na pedali, akapeleka mkono chini ya kiti kutafuta kishikio. Alipoziona nyuso zetu akauondoa.

"Nimekosea?" akauliza.

Shemeji akainama yeye mwenyewe, akavuta kishikio kwa nguvu, kiti kikaja mbele kikilia kwa kutu.

"Hujakosea, daktari," alisema. "Anayeendesha lazima afikie breki."

Akamwachia azunguke mtaa. Tulisimama getini tukiusikiliza ule mngurumo mpaka ukapotelea kwenye kona, nami nikawa nafuta jasho, sijui lilifikaje machoni.

Daktari hakuondoka nalo. Nilimwambia kuna mdogo wetu mwenye neno la mwisho, akakubali kusubiri. Leo mvua ilipokatika nilikwenda gerejini kwao kuchungulia, nikidhani shemeji atakuwa amekirudisha kiti nyuma. Hajakirudisha. Na ule mto wake ameutoa garini, ameufua, ameuanika kwenye kamba.

Mdogo wangu, mpe ruhusa. Kaka hakai kwenye kile kiti.

Mama anakusalimu, na fimbo yake. Shemeji na watoto wanakusalimu. Mke wangu, aliyenisahihishia herufi hizi, anakusalimu pia. Mungu akufunike vizuri kuliko blanketi lako la huko.

Wako akupendaye, hata ukikataa,
Kaka yako Mfupi